Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Kidogo: Hesabu Ianzie Ukutani

Kila mwaka mpunga ukishavunwa katika bonde la Kilombero, fedha huingia katika nyumba nyingi za Ifakara kwa mkupuo mmoja, nazo hutakiwa kutosha mpaka msimu mwingine. Tuchukue mfano wa vijana watatu wa Mlabani, watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, ambao wazee wao wamekubali kuwapa sehemu ya fedha hizo ili wajiundie kompyuta ya kuchezea michezo. Wazee wametoa sharti moja tu: hakutakuwa na fungu la pili. Kitakachonunuliwa vibaya hakitarudishwa kwa urahisi, kwa maana maduka yenye vipuri vingi yako Kariakoo, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 400, na nauli ya kwenda na kurudi nayo ni sehemu ya bei.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha walimu na wanafunzi wa shule za sekondari kwamba uchaguzi wa namna hii si jambo la kubahatisha, wala la kufuata matangazo ya wauzaji. Ni tatizo la fizikia na hesabu, na kanuni nyingi zinazohitajika zimo katika masomo ya sekondari. Hoja yetu kuu ni kwamba mashauri mengi yanayotolewa katika nchi tajiri huanza na kadi ya picha na kumalizia na umeme. Kwetu hapana budi hesabu ianzie ukutani, kwenye soketi, ndipo iingie ndani ya kasha.

Somo la mwaka 1974

Kuchagua kompyuta isiyolingana na kazi yake si kosa geni nchini. Kompyuta ya kwanza ya Tanzania, aina ya ICT 1500, ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye mfumo wa hesabu za Serikali uliotegemea kompyuta ulileta matatizo na hasara, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, ila kwa kibali. Marufuku hiyo imekwisha zamani, lakini somo lake lingalipo: mashine haina ubaya wala uzuri peke yake. Ubora wake hupimwa kwa kazi iliyokusudiwa, mahali itakapofanyia kazi hiyo, na watu watakaoitunza. Mambo hayo matatu ndiyo tutakayoyafuata.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Swali la kwanza si "Tununue kompyuta gani?" bali "Tutacheza nini, na kwenye skrini ya ukubwa gani?"

Fikiri kwanza mchezo wa bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kompyuta ikiuonyesha mchezo huo, picha yake ni nyepesi kabisa, lakini kuchagua hoja nzuri huhitaji kufikiria mbele hatua baada ya hatua, kila hatua ikitegemea iliyotangulia. Kazi hiyo ni ya prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Mchezo wa mpira wa miguu ni kinyume chake. Majani ya uwanja, jezi, vivuli na watazamaji wote lazima vichorwe upya mara nyingi kila sekunde, na uchoraji wa nukta moja haungojei uchoraji wa nukta nyingine. Kazi hiyo ni ya kadi ya picha.

Tofauti ya vyombo hivi viwili yaweza kufananishwa na kilimo cha mpunga. Prosesa ni kama wazee wachache wenye ujuzi, ambao huamua lini maji yafunguliwe na shamba lipi litangulie. Kadi ya picha ni kama ujima wa watu mamia wanaopandikiza miche kwa pamoja. Kila mmoja hufanya jambo dogo, lakini shamba zima humalizika kwa siku moja. Prosesa ya bei nafuu huwa na viini vinne au sita, ambapo kadi ya picha huwa na vitengo vidogo vya kukokotoa mamia au maelfu.

Sasa tuhesabu kazi yenyewe. Skrini ya kawaida ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa urefu, yaani nukta 2,073,600. Ikiwa picha hubadilika mara 60 kwa sekunde, kadi hutakiwa kukamilisha nukta 124,416,000 kila sekunde, na kila picha nzima hupewa milisekunde 16.7 tu. Skrini kubwa ya nukta 3,840 kwa 2,160 ina nukta 8,294,400, mara nne kamili ya ile ya kwanza. Kwa hiyo mtu anayenunua skrini ya namna hiyo kwa sababu ameiona inang'aa dukani amejiongezea kazi mara nne bila kuongeza kadi. Kinyume chake pia ni kweli. Mchezo ukiwa mzito, kuupunguza hadi nukta 1,280 kwa 720 huiachia kadi nukta 921,600, ambazo hazifiki nusu ya kazi ya awali.

Kadhalika skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde haiwezi kuonyesha picha 140, hata kadi ikizitengeneza. Picha za ziada hugeuka joto na uniti za umeme zilizopotea. Vijana wetu wa Mlabani wanaotaka kucheza mpira na michezo ya miaka iliyopita watatosheka na skrini ya kwanza na picha 60 kwa sekunde. Uamuzi huo mmoja, usiogharimu kitu, huokoa fedha kuliko mapatano yoyote na muuzaji.

Kivuko na daraja

Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, magari yaliyotoka Ifakara kwenda Mahenge yalivuka Mto Kilombero kwa kivuko. Barabara ingeweza kutengenezwa vizuri kiasi gani pande zote mbili, lakini idadi ya magari yaliyovuka kwa saa iliamuliwa na kivuko. Ndani ya kompyuta hali ni hiyohiyo: chombo kimoja kilicho kizito kuliko vyote ndicho huamua mwendo wa vyote.

Tuseme prosesa inahitaji milisekunde 20 kutayarisha kila picha, nayo kadi inahitaji milisekunde 8 kuichora. Kwa kuwa vyombo hivi hufanya kazi kwa kupokezana, kimoja kikichora picha hii wakati kingine kikitayarisha ijayo, kasi ya mwisho ni 1000 ÷ 20, yaani picha 50 kwa sekunde. Kijana asiyejua hili atauza kadi yake na kununua nyingine ghali inayochora kwa milisekunde 4. Matokeo? Bado ni picha 50. Fedha zimejenga barabara, na kivuko ni kilekile.

Kumbukumbu ya RAM nayo ni aina ya daraja. RAM ya DDR4 yenye kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde katika njia moja. Ukiweka vibao viwili vya gigabaiti 8 katika nafasi zinazostahili, njia huwa mbili na upitishaji hufika gigabaiti 51.2. Ukiweka kibao kimoja cha gigabaiti 16, kiasi cha kumbukumbu ni kilekile lakini njia ni moja. Jambo hili lina uzito zaidi katika prosesa zenye uwezo wa kuchora picha zenyewe bila kadi, kwa sababu huazima kumbukumbu hiyohiyo.

Ama diski ya kuzunguka, fizikia yake yaeleza ulegevu wake. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, hivyo mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3. Kwa wastani msomaji wa diski hungoja nusu ya mzunguko, milisekunde 4.2, kabla ya kukutana na habari inayotafutwa, mbali na muda wa mkono wake kusogea. SSD haina kinachozunguka, na kungoja kwake ni sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. SSD haitaongeza idadi ya picha kwa sekunde, lakini itaondoa kungoja kunakochosha mchezo unapofunguliwa.

Ukutani

Sasa tufike kwenye soketi. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, lakini kiasi hicho ni cha maandishi. Waya una ukinzani, na kwa kanuni ya Ohm volti zinazopotea njiani ni mkondo mara ukinzani. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu, au yenye waya mwembamba, hupokea pungufu. Tena mota ya mashine ya kukoboa mpunga inapoanza kuzunguka, huvuta mkondo mara kadhaa kuliko inapokuwa katika mwendo, na kwa muda mfupi volti za majirani hushuka.

Ndani ya kompyuta kuna pawasaplai, kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti ndogo. Kapasita zake huweza kuibeba mashine bila umeme kwa muda mfupi mno: kipimo cha kawaida ni takriban milisekunde 16. Mzunguko mmoja wa umeme wetu ni milisekunde 20. Maana yake ni kwamba kukatika kwa umeme kwa mzunguko mmoja tu, ambako taa haiwahi hata kukuonyesha vizuri, kwaweza kuizima kompyuta katikati ya kuandika habari. Ndiyo sababu stabilaiza na UPS si mapambo. Katika kununua UPS, tazama wati, si VA peke yake. UPS iliyoandikwa 650 VA aghalabu hutoa wati zilizo pungufu sana ya 650. Kazi yake si kukuwezesha kuendelea kucheza gizani, bali kukupa dakika chache za kufunga kazi kwa utaratibu.

Pawasaplai ni mahali ambapo mnunuzi mwenye fedha kidogo hushawishika kubana, na ndipo asipopaswa kubana kabisa. Iliyo dhaifu ikifa yaweza kuondoka na ubao mama na kadi. Tafuta yenye alama ya 80 PLUS, inayomaanisha kwamba angalau asilimia 80 ya umeme unaovutwa huvifikia vipuri, na uliosalia huwa joto. Ikiwa vipuri vinahitaji wati 240, pawasaplai ya ufanisi wa asilimia 80 itavuta ukutani wati 300, na ya asilimia 90 itavuta wati 267. Kuna hatari nyingine kwa mashine zilizotumika ng'ambo. Baadhi ya pawasaplai za zamani zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Iliyotoka Marekani yaweza kuwa imewekwa 115, na ikichomekwa hivyo katika soketi yetu huungua papo hapo. Itazame kabla ya kuchomeka.

Jambo la mwisho la ukutani ni LUKU. Mashine inayovuta wastani wa wati 250 ikichezwa saa 3 kila siku hutumia uniti 0.75 kwa siku, sawa na uniti 22.5 kwa siku 30. Inayovuta wati 130 hutumia uniti 11.7. Tofauti yaonekana ndogo, lakini fikiri bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016. Mteja wa nyumbani wa kundi la chini alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, bila kuhesabu kodi na tozo. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 60 ikiongeza mashine ndogo hufika uniti 71.7 na kulipa shilingi 7,170. Ikiongeza mashine kubwa hufika uniti 82.5, na malipo huwa shilingi 7,500 kwa uniti 75 za kwanza na shilingi 2,625 kwa zilizozidi, jumla shilingi 10,125. Msomaji na aulize bei zinazotumika wakati anaposoma, kisha arudie hesabu hii kwa nyumba yake. Kompyuta hununuliwa mara moja, lakini umeme hununuliwa kila mwezi, na aghalabu anayeununua ni mama mwenye nyumba.

Joto

Karibu umeme wote unaoingia katika kompyuta hutoka ukiwa joto. Mtu aliyeketi hutoa joto la takriban wati 100. Kwa hiyo kompyuta ya wati 300 ni sawa na kuongeza watu watatu katika chumba ambacho tayari kina vijana watatu. Katika nchi za baridi, ambako mwandishi wa makala haya alisomea, joto hilo wakati wa kipupwe lilikuwa faida. Ifakara, iliyo bondeni, yenye hewa nzito ya unyevu na mchana unaopita nyuzi 30 kwa urahisi, joto hilo ni gharama.

Kanuni ni nyepesi: joto la chombo ni joto la chumba kuongeza zao la wati na ukinzani wa joto wa kipozeo. Tuseme prosesa hutoa wati 100 na kipozeo chake kina ukinzani wa nyuzi 0.5 kwa wati. Katika chumba cha nyuzi 20 prosesa itafika nyuzi 70. Katika chumba cha nyuzi 34 itafika nyuzi 84. Prosesa nyingi hupunguza mwendo zenyewe zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100, ili zisiungue. Kumbuka basi kwamba vipimo vinavyochapishwa ng'ambo hufanywa katika vyumba vya baridi, na ongeza tofauti kabla ya kuviamini.

Tiba ya kwanza si feni ghali. Umeme unaotumiwa na transista za prosesa na kadi hulingana, kwa sehemu kubwa, na mraba wa volti mara kasi ya saa yake. Ukipunguza volti kwa asilimia 10, umeme hushuka hadi 0.9 × 0.9, yaani asilimia 81. Ukipunguza na kasi kwa asilimia 5, hushuka hadi karibu asilimia 77. Umeacha asilimia 5 ya mwendo, umeokoa karibu robo ya joto. Kadi nyingi huruhusu jambo hili kwa programu ya bure.

Tiba ya pili ni usafi. Vumbi likijaa kwenye mapezi ya kipozeo, ukinzani wa joto hupanda. Weka kasha juu ya meza, si sakafuni. Funika tundu la kuingizia hewa kwa kipande cha wavu laini kinachoweza kuoshwa, na ziba matundu yasiyotumika, kwa sababu sisimizi na mijusi hupenda mahali penye joto. Wakati wa masika, radi inapopiga, chomoa waya ukutani. Hakuna stabilaiza ya bei ndogo inayoshindana na radi. Tena hakikisha nyumba ina waya wa ethi uliofika ardhini kweli. Mwasho unaousikia ukigusa kasha la chuma si jambo la kuzoea.

Njia tatu

Baada ya hesabu hizi vijana wetu wana njia tatu.

Ya kwanza ni kununua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, kama Dell OptiPlex au HP EliteDesk, na kuiongezea kadi ya picha. Mashine hizi huuzwa kwa wingi ofisi za ng'ambo zinapobadilisha vifaa, na hutengenezwa imara. Pawasaplai yake huwa ndogo, na aghalabu haina waya wa kulisha kadi. Lakini nafasi ya kadi kwenye ubao mama yenyewe huweza kutoa hadi wati 75, na zipo kadi zilizobuniwa kuishi ndani ya kiasi hicho: GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, matoleo mengi ya GTX 1650 ya mwaka 2019, na RTX 3050 ya gigabaiti 6 iliyotoka mwaka 2024. Pima kasha kabla ya kununua kadi, kwa sababu makasha membamba huhitaji kadi fupi. Jihadhari pia na kadi ya RX 6400. Hula wati 53 tu, lakini hutumia njia nne za mawasiliano mahali ambapo kadi nyingine hutumia nane au kumi na sita, na katika ubao mama wa zamani upungufu huo huonekana. Tena prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane hazikubaliwi rasmi na Windows 11, nayo Windows 10 iliacha kupata matengenezo ya kawaida Oktoba 2025. Kwa mashine ya namna hiyo ni heri kujifunza Linux, ambayo ni bure, baada ya kuhakikisha kwamba michezo inayotakiwa inakubali kuchezwa humo.

Ya pili ni kununua vipuri vipya kwa awamu. Prosesa kama Ryzen 5 5600G ya mwaka 2021 ina kichora picha ndani yake. Vijana wataanza kucheza michezo myepesi bila kadi, na mavuno ya mwaka mwingine, wazee wakilegeza sharti lao, wataongeza kadi bila kutupa kitu. Njia hii humfaa mwenye subira. Ila ifahamike kwamba bei za RAM zilipanda sana duniani kuelekea mwisho wa mwaka 2025, kwa sababu ya mahitaji ya vituo vikubwa vya akili unde, na hesabu ya mwaka jana haifai kutumiwa bila kuuliza upya.

Ya tatu ni mashine mpya kamili. Ikiwa fedha zinatosha, tunapendekeza mgawanyo huu kwa kila shilingi 100, bila skrini: kadi ya picha 30, prosesa na ubao mama 25, RAM 10, SSD 8, pawasaplai 8, kasha na feni 5, stabilaiza, UPS na ethi 9, akiba 5. Msomaji ataona kwamba ulinzi wa umeme umepewa zaidi ya SSD. Mashauri ya ng'ambo aghalabu hayana fungu hilo kabisa.

Kwa vijana wetu wenye fungu moja, nyumba moja ya LUKU na chumba cha joto, tunapendekeza njia ya kwanza. Mashine yao itakuwa karibu na wati 130 kuliko wati 250, nyumba itabaki chini ya uniti 75, na kipuri kikiharibika kitapatikana kwa bei ndogo.

Kabla ya kulipa

Kadi zilizotumika zina hila zake. Uchimbaji wa sarafu ya Ethereum kwa kadi za picha ulikoma Septemba 2022, na kadi nyingi zilizokesha kazini miezi mingi ziliingia sokoni. Zipo pia kadi za zamani zilizoandikwa upya maelezo yake ili zijiite jina jipya. Kwa hiyo usilipe kadi ambayo hujaiona ikifanya kazi. Beba programu ya kupima, kama GPU-Z, katika flashi. Soma jina na kiasi cha kumbukumbu, kisha acha mchezo mzito uende nusu saa mbele ya muuzaji huku ukitazama joto. Omba risiti yenye namba ya kipuri. Katika safari ya kurudi, kadi na kipozeo kizito visafiri vimefunguliwa na kufungwa ndani ya nguo, kwa sababu mtikisiko wa barabara huvunja nafasi zake kwenye ubao mama.

Usisahau pia gharama ya kupakua michezo. Mchezo wa gigabaiti 50 ni gigabiti 400. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua sekunde 40,000, zaidi ya saa 11, na kifurushi chake chaweza kuwa ghali kuliko mchezo. Nunua SSD ya kutosha ili mchezo upakuliwe mara moja tu.

Mchezo na maabara

Yumkini mwalimu atauliza: kwa nini jarida la sayansi lishughulike na michezo? Jibu ni kwamba wachezaji ndio waliozifanya kadi za picha ziwe nyingi na nafuu, na sayansi ikafaidika. Mwaka 2012 Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto waliifundisha kompyuta kutambua picha kwa kutumia kadi mbili za michezo, aina ya GTX 580, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 3. Kazi hiyo ilibadili mwelekeo wa utafiti wa akili unde duniani. Kadi tulizozitaja hapa kwa vijana wa Mlabani zina kumbukumbu kubwa kuliko hizo.

Palepale Mlabani ipo Taasisi ya Afya Ifakara, iliyotokana na maabara iliyoanzishwa miaka ya 1950 na Rudolf Geigy wa Basel. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi hiyo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba miali ya infraredi ikipimwa kwenye mwili wa mbu mkavu, kompyuta iliyofundishwa kwa mifano huweza kukisia jamii yake na umri wake. Umri ni jambo kubwa, kwa sababu vimelea vya malaria huhitaji siku kadhaa kukomaa ndani ya mbu, na mbu mchanga hawezi kuviambukiza. Kijana anayejua kwa nini kadi yake hupata joto na kwa nini RAM huwekwa kwa jozi amekwisha kupiga hatua ya kwanza kuelekea kazi ya namna hiyo, hata kama alianza kwa kutaka kufunga mabao.

Maswali ya darasani

1. Skrini ina nukta 2,560 kwa 1,440. Ni mara ngapi ya skrini ya 1,920 kwa 1,080? Ikiwa kadi ilitoa picha 60 kwa sekunde katika skrini ndogo, na kazi yote ni ya kuchora nukta, itatoa picha ngapi katika kubwa?

2. Prosesa huhitaji milisekunde 10 kwa kila picha na kadi milisekunde 25. Kipi kibadilishwe kwanza, na kasi haitapita picha ngapi kwa sekunde hata kipuri kipya kikiwa bora namna gani?

3. Soma mita ya LUKU ya nyumbani kwenu kwa siku saba na ukisie matumizi ya siku 30. Je, nyumba yenu yaweza kubeba mashine ya wati 250 kwa saa 3 kila siku bila kupita uniti 75? Ikiwa haiwezi, ni saa ngapi kwa siku zitafaa?

Swali la tatu lijibiwe pamoja na wazazi, kabla ya kipuri chochote kununuliwa.